Tairi, Kuba na Chandarua: Historia ya Kuboresha Bidhaa Chini ya Mlima Meru

Aprili 1964 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubaliana mjini Kampala kugawana viwanda. Nairobi ilikuwa imelimbikiza viwanda tangu enzi za mkoloni, na soko la Afrika Mashariki lilionekana dogo mno kubeba viwanda viwili vya aina moja. Kenya ikapewa taa za umeme, Uganda baiskeli na mbolea ya naitrojeni, Tanganyika matairi, redio na uunganishaji wa Land Rover. Kwa mgao huo Arusha, mji uliojulikana zaidi kwa kahawa, boma la Wajerumani na wageni wanaoelekea Serengeti, ukapata kiwanda cha matairi, na viwanda vingine vikafuata. Habari za namna viwanda hivyo vilivyozaliwa, na namna baadhi yake vilivyokufa, zimesimuliwa mara nyingi bungeni na magazetini. Kinachoulizwa kwa nadra ni kilichotokea katikati: katika miaka yote ya uhai wa kiwanda, je, bidhaa yenyewe ilibadilika? Nani aliibadilisha, na kwa sababu gani?

Historia ya Arusha inatoa jibu linaloweza kupimwa. Uboreshaji wa bidhaa hudumu pale mambo mawili yanapokutana. Kwanza, malalamiko ya mtumiaji yawe na njia ya kumfikia mtengenezaji. Pili, mtengenezaji huyo awe na ruhusa na ujuzi wa kubadili alichokitengeneza. Likikosekana moja, kiwanda kinaweza kuendesha mashine miaka 30, kikaajiri mamia ya watu na kulipa kodi, huku kikitoa kitu kilekile mpaka soko likigeuzie mgongo. Mitaji, wataalamu na mashine vina nafasi yake, lakini havijazi pengo hilo. Bidhaa tatu zilizotengenezwa chini ya Mlima Meru zinatosha kuipima hoja hii: tairi, mtambo wa biogesi na chandarua.

General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969 kwa ubia. Serikali ya Tanzania ilishika asilimia 74 ya hisa, na asilimia 26 zikabaki kwa General Tire ya Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilikuwa kimeanza kutoa matairi. Ukiangalia hisa peke yake utasema mwenye mali alikuwa Mtanzania. Lakini ubora wa tairi hautokani na hisa. Unatokana na mapishi: mpira wa asili kiasi gani, mpira wa kemikali kiasi gani, unga mweusi wa kaboni na salfa kiasi gani, nyuzi za ndani zipangwe kwa pembe ipi, tairi lipikwe kwa joto gani na kwa dakika ngapi, ndani ya kalibu inayochora kashata za namna gani. Mapishi hayo yalikuja kwa mkataba wa ufundi, na jiko lilikokuwa likibuniwa lilikuwa ng'ambo. Mwaka 1987 General Tire yenyewe iliuzwa kwa Continental ya Ujerumani. Kiwanda cha Arusha kikapata mwalimu mpya ambaye hakumchagua.

Njia ya malalamiko nayo ilikuwa imezibwa, na waliochangia kuiziba ni wengi. Katika miaka ya 1970 na 1980 tairi lilikuwa bidhaa ya kugombewa. Mwenye lori hakuuliza kama kashata zinashika udongo wa Monduli wakati wa masika. Aliuliza kama atapata kibali. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zikawa adimu, na viwanda nchi nzima vikafanya kazi chini sana ya uwezo wake kwa kukosa malighafi na vipuri. Mnunuzi ambaye hana pengine pa kwenda halalamiki, au akilalamika hasikilizwi. Jambo moja lakini linastahili kukumbukwa. Palipokuwa ndani ya mamlaka yao, Watanzania wa General Tyre walithubutu. Kampuni ilianzisha mashamba ya mpira Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero, ili mpira wa asili usiagizwe wote kutoka nje. Hayo ni mabadiliko ya malighafi, na yalifanyika kwa sababu hapakuwa na haja ya kuomba ruhusa Ohio ili kupanda mti Muheza. Kubadili tairi lenyewe kulikuwa jambo jingine.

Soko lilipofunguliwa, mnunuzi akapata pa kwenda. Matairi ya Asia yalimiminika, yenye bei ndogo na ya kila aina. Katikati ya miaka ya 2000 Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, uliikopesha kampuni dola milioni 10 ili ijiinue, na muongo huo haukuisha kabla uzalishaji haujasimama. Hapa pingamizi la kwanza linajitokeza lenyewe: kilichoua kiwanda ni madeni na matairi ya bei chee, wala si kukosa ubunifu. Pingamizi hili lina nguvu, na ushahidi wake bora uko ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Kenya haikuuheshimu mgao wa Kampala. Firestone ikajenga kiwanda chake Nairobi mwaka 1969 uleule, na Arusha ikapoteza soko lililoahidiwa hata kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Kiwanda hicho cha Nairobi baadaye kikawa cha Sameer Africa, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa, kikawa na chapa yake yenyewe ya Yana. Huyo alikuwa na ruhusa ya kubadili, na alikuwa na wateja waliomchagua kwa hiari. Hata hivyo mwaka 2016 Sameer ilitangaza kufunga kiwanda na kuagiza matairi yake yatengenezwe nje, ikilemewa na ushindani uleule.

Nalikubali pingamizi hilo kwa sehemu. Masharti mawili niliyoyataja hayamhakikishii mtu uhai. Tairi ni bidhaa ambayo ukubwa wa kiwanda huamua bei, na viwanda vya China na India ni vikubwa kuliko soko zima la Afrika Mashariki. Lakini linganisha namna wawili hao walivyoondoka. Sameer ilipofunga mashine zake ilibaki na chapa, wauzaji, na ujuzi wa tairi gani linahimili barabara gani za Kenya, na ikaendelea kuuza Yana. Arusha ilipofunga, mashine zilibaki zimekaa ndani ya jengo, na kilichokuwa na thamani zaidi, yaani mapishi, hakikuwa chake. Kiwanda kilichojifunza huacha kitu hata kinapokufa, na hicho ndicho kilichokosekana.

Ajabu ni kwamba palepale Arusha tairi liliendelea kuboreshwa, ila na watu wengine. Mafundi wa katambuga, wanaokata viatu kutoka matairi chakavu na kuviuza kwa wafugaji na wakulima, hawakuwa na mkataba wa ufundi na mtu. Tairi lenye nyuzi za nailoni lilikatika kwa kisu. Yalipokuja matairi yenye waya za chuma, kisu kikagoma na waya ukatishia kumchoma mvaaji, hivyo fundi akalazimika kuchagua mali yake upya. Pikipiki zilipoenea, tairi lake jepesi likageuka kuwa mali nzuri ya viatu. Mkanda wa kisigino uliokatika ulirudi kwa fundi aliyeukata, siku ya gulio linalofuata, pamoja na maneno ya mwenye kiatu. Sisemi kwamba katambuga ingeweza kuchukua nafasi ya kiwanda. Haikuwa na mtaji wala nia hiyo. Inaonyesha tu kwamba watu wa Arusha hawakupungukiwa na uwezo wa kubuni. Walipungukiwa na nafasi ya kuutumia ndani ya geti la kiwanda.

Mtambo wa biogesi una historia tofauti, na mahali pake pa kuanzia ni mashambani. Kwenye miteremko ya Meru ardhi ilibana mapema. Familia zinaishi katikati ya migomba na kahawa, na malisho ya wazi yalivyopungua ng'ombe wengi waliingizwa zizini, wakaletewa majani. Samadi ikawa inakusanyika mahali pamoja kila siku, na kuni zikawa zinatafutwa mbali zaidi. Kwa hesabu hiyo nchi ya Wameru na Waarusha ilikuwa shamba la majaribio lililojiandaa lenyewe. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya biogesi nchini katikati ya miaka ya 1970 kwa kufuata mtindo wa India: shimo la matofali lenye pipa kubwa la chuma linaloelea juu na kupanda kadiri gesi inavyojaa. Mtindo huo ulifanya kazi India, lakini hapa pipa lilikuwa ghali, lilishika kutu, na katika miaka ya uhaba bati la chuma lilikuwa vigumu kupatikana hata kwa mwenye fedha.

Mwaka 1981 Bunge lilianzisha Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, chenye makao Arusha, kwa kuunganisha kitengo cha kupima zana za kilimo, TAMTU, na mradi wa teknolojia rahisi uliokuwa ukiendeshwa mkoani. Miaka miwili baadaye CAMARTEC na shirika la Ujerumani la GTZ wakaanzisha huduma ya uenezaji wa biogesi. Pipa la chuma likaachwa, mafundi wakageukia kuba la matofali linalozikwa ardhini, mtindo uliotokea China. Kuba halina kutu wala kifaa kinachosogea, na fundi mwashi wa kijijini analijenga kwa matofali na saruji. Lakini lina maradhi yake: nyufa. Uzito wa tope ndani na msukumo wa udongo nje hupasua ukuta kutoka chini kwenda juu, na ufa ukifika sehemu ya juu ambako gesi inakaa, gesi yote hupotea. Mwenye mtambo anaona moto wa jiko ukififia siku hadi siku, na hana cha kufanya.

Suluhisho lililopatikana Arusha mwishoni mwa miaka ya 1980 linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wabunifu wake hawakujaribu kuzuia ufa. Waliupangia pa kwenda. Kuba lilijengwa kama nusu ya tufe, likakaa juu ya msingi wa duara, na ndani ya ukuta, chini ya usawa wa gesi, ikawekwa pete dhaifu ya udongo wa saruji hafifu. Ufa unaopanda kutoka chini ukiifikia pete hiyo hugeuka na kukimbia kwa ulalo, na kwa kuwa eneo hilo limejaa tope, ufa huo hauna madhara yoyote kwa gesi. Juu yake ikawekwa pete imara, iliyotiwa nguvu, inayobeba sehemu ya gesi kama msingi wa pili. Wazo la namna hii halipatikani kwa mtu aliyejenga mtambo mmoja akaondoka. Linampata anayerudi kwenye mitambo aliyokwisha kuijenga, akaona ufa unapita wapi kila mara, na akiwa na mamlaka ya kubadili mchoro wa mtambo unaofuata.

Uboreshaji haukuishia kwenye pete. Wajenzi waligundua kwamba mtambo wenye kuba zuri hufa njaa ikiwa zizi liko mbali nao. Mama wa nyumba hatabeba samadi kwa ndoo mara mbili kwa siku mwaka mzima. Kwa hiyo CAMARTEC ikaacha kuuza kuba peke yake, ikawa inajenga mfumo mzima: zizi lenye sakafu ya mteremko inayoteremsha samadi na mkojo hadi mlangoni mwa mtambo, bomba la gesi hadi jikoni, na mfereji unaopeleka tope lililokwisha kuoza kwenye migomba. Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro waliuandika mfumo huo katika kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1991, na mchoro wa CAMARTEC ukasafiri. Uganda na Kenya zilitumia mitambo iliyotokana nao. Mpango wa Taifa wa Biogesi Majumbani ulipoanza Tanzania mwaka 2009, ukiwa chini ya CAMARTEC, mchoro ulirekebishwa tena ili kupunguza gharama, na baadaye ukaja mtambo unaotumia maji kidogo kwa ajili ya wilaya kame ambako ndoo ya maji ina thamani kuliko ndoo ya samadi.

Pingamizi la pili ni kwamba haya yote yalilipiwa na Wajerumani, na baadaye na Waholanzi, na kwamba mitambo bado ni michache ukilinganisha na idadi ya nyumba zinazopikia kuni. Yote mawili ni kweli. Lakini fedha za kigeni zilikuwepo pia General Tyre, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Tofauti iko kwenye mahali pa ruhusa. Mchoro wa kuba ulikuwa Arusha, mikononi mwa watu waliokuwa wakitembelea wateja wao Akeri na Nkoaranga, na hakuna aliyehitaji kibali cha Ujerumani kuhamisha pete. Kuhusu uchache wa mitambo, hilo ni suala la mikopo, bei ya saruji na idadi ya ng'ombe. Linapunguza ukubwa wa soko, halifuti ukweli kwamba bidhaa iliendelea kubadilika kwa miaka 30.

Sasa chandarua, ambacho kina ushahidi mgumu zaidi kuusoma. Arusha ilikuwa mji wa dawa za wadudu muda mrefu kabla ya kuwa mji wa neti. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki, TPRI, iliyokuwa Ngaramtoni, ilitokana na kitengo cha kikoloni cha utafiti wa dawa za wadudu, na kwa miongo kadhaa wataalamu wake walipima dawa dhidi ya mbu katika vibanda maalumu vya majaribio. Huko Muheza, katika miaka ya 1980, watafiti walionyesha kwamba neti iliyochovywa katika dawa ya permethrini humlinda alalaye hata ikiwa na matundu. Bidhaa hiyo ilikuwa na kasoro iliyoonekana mapema: ilibidi ichovywe upya kila baada ya miezi sita hivi, na dawa yake, iliyouzwa nchini kwa jina la Ngao, iliishia mara nyingi kusahauliwa. Watu walifua neti, dawa ikatoka, na neti ikabaki kitambaa cha kawaida. Malalamiko hapa hayakusemwa kwa maneno. Yalisemwa kwa kutochovya.

Jibu la kasoro hiyo halikubuniwa Arusha. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilichanganya permethrini ndani ya plastiki ya polithini kabla ya kuvuta uzi, ili dawa ipenye pole pole kutoka ndani ya uzi na kujaa upya usoni mwake baada ya kila kufuliwa. Neti hiyo, Olyset, ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001. Mwaka 2003 Sumitomo ilikabidhi teknolojia yake bila malipo kwa A to Z Textile Mills, kampuni ya Arusha iliyoanza mwaka 1966 ikishona nguo. Mfuko wa Acumen wa New York ukatoa mkopo, ExxonMobil ikaleta polithini, na mwaka 2007 A to Z na Sumitomo wakaanzisha kampuni ya ubia ya nusu kwa nusu, Vector Health International, yenye kiwanda Kisongo, pembeni ya barabara ya Dodoma. Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea kiwanda cha A to Z Februari 2008. Katika kampeni za kitaifa za 2009 hadi 2011 zaidi ya neti milioni 25 ziligawiwa Tanzania, na nyingi mno zilikuwa za Arusha.

Msomaji makini ataona kwamba mwanzo huu unafanana sana na ule wa General Tyre: mgeni ana mapishi, mwenyeji ana mashine na vibarua. Kama hoja yangu ni sahihi, A to Z ingepaswa kukwama vilevile. Kilichoizuia kukwama ni kwamba mlalamikaji mmoja hakuweza kunyamazishwa kwa kibali wala kwa ukiritimba, naye ni mbu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mbu wa sehemu nyingi za Afrika walizidi kuwa sugu kwa dawa za kundi la permethrini, na watafiti wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioandika hilo kwa takwimu. Neti iliyokuwa bora mwaka 2003 ikawa inapungua nguvu bila uzi wake kubadilika hata kidogo. Sumitomo ilileta Olyset Plus, iliyoongezewa PBO, kemikali inayovunja kinga ya mbu. Jaribio lililoanza Muleba mkoani Kagera mwaka 2015, likiwashirikisha wanasayansi wa Moshi, wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wa London, lilionyesha kwamba neti zenye PBO hupunguza malaria kwa kiwango kikubwa kuliko zile za zamani, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa msingi wa ushahidi huo.

A to Z yenyewe haikubaki kuwa mshona neti za mwingine. Iliunda MiraNet, neti ya polithini yenye alfa-sipamethrini, ikaiingiza katika orodha ya Shirika la Afya Duniani kwa jina lake. Ilitengeneza nyavu za kufunika vitalu vya mboga dhidi ya wadudu, jambo ambalo wakulima walikuwa wakilifanya kwa neti chakavu, na pia mifuko ya kuhifadhia nafaka. Hapo ndipo njia yake ilipoachana na ya kiwanda cha matairi. Leseni iliyopewa ilikuwa ya bidhaa moja, lakini ujuzi wa kuchanganya dawa na plastiki na kuvuta uzi ulibaki kwa wafanyakazi wake, na haukufungwa na mkataba usitumiwe pengine.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na halijibiki lote. Anayelala ndani ya neti siye anayeinunua. Hati Punguzo, mpango ulioanza mwaka 2004, ulimpa mama mjamzito nafasi ya kwenda dukani na kuchagua. Ugawaji wa bure uliofuata uliokoa maisha mengi zaidi, lakini uliondoa uchaguzi huo. Mteja wa kiwanda akawa mfuko wa kimataifa unaotangaza zabuni, na zabuni huuliza bei, kiwango cha dawa na cheti. Matokeo yake yanaonekana katika kile kilichoboreshwa na kile kilichochelewa. Dawa imebadilika mara kadhaa kwa sababu mbu anapimwa. Uimara wa kitambaa ulichelewa kwa sababu kwa muda mrefu haukupimwa: utafiti wa watu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, uliofuata neti majumbani kwa miaka mitatu hivi, ulikuta kwamba Olyset hudumu takriban miaka 2, pungufu ya miaka 3 ambayo mipango ya ugawaji iliitegemea na mbali na miaka 5 iliyotangazwa. Wanaolala ndani yake walikuwa wameyaona matundu kabla ya wanasayansi. Walikosa tu mlango wa kupeleka habari. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaithibitisha hoja kwa upande wa pili: bidhaa huboreka mahali ambapo malalamiko yana njia, na husimama mahali ambapo njia imezibwa, hata ndani ya kitu kimoja.

Kuna maelezo mengine yaliyozoeleka ambayo ushahidi huu unayakataa. Wapo wanaosema serikali haijui kuendesha ubunifu, wapo wanaosema mtu binafsi hujali faida tu. CAMARTEC ilikuwa ya umma kwa asilimia mia na iliboresha kuba lake kwa miongo mitatu. General Tyre ilikuwa na mbia binafsi mwenye uzoefu wa dunia nzima na haikuacha mapishi yake. A to Z ni ya familia, na hatua yake kubwa ilitokana na teknolojia ya bure na fedha za misaada. Umiliki wa hisa, peke yake, hautabiri lolote. Vivyo hivyo elimu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia ilipoanza kufundisha Arusha mwaka 2011 ilijaza pengo la kweli, lakini maarifa bila mtu anayeyabeba sokoni hukaa mezani.

Maji ya Meru yanaonyesha hilo kwa uchungu. Chemchemi nyingi za mlima huu wa volkano zina floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wakazi wa Maji ya Chai na vijiji jirani ni ushahidi unaotembea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miongo kadhaa, kikijaribu mkaa wa mifupa na njia ya shabu kwenye ndoo. Ujuzi upo, na watumiaji wako ng'ambo ya barabara, wakiuliza maswali ya haki: mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na ikichoka nani ataibadilisha? Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mtu ambaye mkate wake unategemea majibu. Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi hiyo ya Nelson Mandela, aliposhinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake, alikuwa amekwisha kuunda kampuni, na chujio lenyewe lilibuniwa libadilishwe kulingana na uchafu wa maji ya kila mahali. Hapo hoja yangu inahitaji nyongeza: njia ya malalamiko na ruhusa ya kubadili havitoshi kama hakuna anayepata hasara bidhaa isipobadilika.

Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilinunua hisa za Continental, na General Tyre ikawa ya Watanzania yote. Tangu hapo mjadala wa kuifufua umehusu uchakavu wa mashine, mtaji na mwekezaji wa kuja nao. Hayo lazima yaulizwe. Lakini mkataba wowote utakaosainiwa utabeba maswali mengine matatu ambayo mwaka 1969 hayakupewa uzito. Mhandisi wa Arusha atakuwa na haki ya kubadili mapishi bila kusubiri barua kutoka ng'ambo? Dereva wa lori anayepasukiwa na tairi kwenye changarawe za Kibaya atamfikia nani, na kwa siku ngapi? Na nani mshahara wake utapungua ikiwa tairi la mwaka wa kumi litakuwa sawa na la mwaka wa kwanza? Maswali hayo hayagharimu dola milioni 10. Yanagharimu ujasiri mezani siku ya kujadili mkataba, na kiwanda kitakachoyaacha kitazinduliwa kwa ngoma na kufungwa kwa sababu zilezile.